Jiko la Pipa Baada ya Masika

Masika ikishakwisha, hapa Kigamboni huhitaji kalenda. Vyura wananyamaza, kusi inaanza kuvuma kutoka baharini, na nguo zinakauka kwenye kamba kabla ya adhuhuri. Kwangu mimi hiyo ndiyo wiki ya kulitoa jiko la kuchomea nyama. Kuanzia Juni hadi vuli itakapoanza kunyesha mwezi wa kumi, karibu kila Jumamosi tutakula nje: watoto, majirani, wageni wanaoshuka kutoka mikoani kwa ajili ya Sabasaba, na Idi ya kuchinja ikiangukia miezi hii, basi nyama inakuwa ya kugawana mtaa mzima. Mwaka 2025 iliangukia wiki ya kwanza ya Juni, matope yalikuwa hayajakauka vizuri, na ilibidi nilifanyie jiko kazi ya siku mbili ndani ya jioni moja. Tangu hapo sisubiri. Mvua ikikata siku tatu mfululizo, naanza.

Jiko langu ni pipa la lita 200, lile la chuma, lililopasuliwa kwa urefu. Nusu moja imelazwa juu ya miguu minne ya vyuma vya pembe, nusu ya pili ndiyo kifuniko, na katikati umekaa wavu wa nondo za milimita 8. Lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa mtaani. Nakumbuka kabla hajaligusa aliniuliza, "Kaka, hili pipa lilibeba nini?" Nilidhani anaulizia harufu. Akanieleza kwamba pipa lililobeba petroli au thina, hata likionekana tupu, hubaki na mvuke ndani, na cheche moja ya kukatia inaweza kulilipua usoni mwa fundi. La kwangu lilikuwa la mafuta ya kula. Hata hivyo alilijaza maji likalala usiku kucha. Baada ya kulipasua aliliwashia moto mkubwa wa kuni, tukalitazama rangi ikibabuka na kuungua mpaka likabaki chuma kitupu. Wanunuzi wengi wanaruka hatua hiyo kwa sababu jiko lenye rangi linapendeza dukani. Rangi ile ikiungua siku ya kwanza ya kuchoma nyama, moshi wake unaingia kwenye nyama.

Nilichokifanya mwaka wa kwanza kinaniuma mpaka leo. Tulichoma kwa mara ya mwisho mwezi wa tatu, wingu likiwa limeshajikusanya upande wa bahari, na mvua ikatukuta tunamalizia mishkaki. Tukakimbiza sahani ndani. Nikateremsha kifuniko, nikaona jiko limefunikwa vizuri, roho yangu ikatulia. Likakaa chini ya mwembe hadi Juni. Siku nilipokwenda kulisogeza juani, nililishika huku na huku, nikalinyanyua, tumbo likabaki chini. Kipande cha chuma chenye upana wa sinia kiliachia na kuanguka pamoja na uji wa kijivu uliokuwa umelala ndani kwa miezi mitatu. Mvua haikuwa imeingia kwa juu. Kifuniko kilifanya kazi yake. Kilichokula chuma nilikiacha ndani mimi mwenyewe.

Majivu yakiwa makavu hayana sura ya kitu kibaya. Bibi zetu wameyasugulia sufuria miaka yote, na bara wapo wanaoyachuja kupata magadi ya kulainishia mboga. Lakini hayo magadi yenyewe ndiyo yanayokuonyesha kwamba ndani ya majivu mna chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Angalia kopo la chumvi jikoni wakati wa masika linavyolowa bila mtu kulimwagia maji. Sasa chukua majivu hayo, ongeza chumvi ya nyama iliyodondoka, ongeza mafuta yaliyoganda, na ongeza hewa ya bahari ambayo huku kwetu hula hata kufuli la geti. Pipa linakuwa limelalia kitambaa kibichi chenye chumvi, mchana na usiku, kwa siku tisini. Na rangi ya kulikinga tulishaichoma.

Kwa hiyo matengenezo ya jiko la pipa huanza Machi, siku ya kuchoma kwa mara ya mwisho. Majivu yasilale humo. Nayatoa asubuhi inayofuata, si usiku uleule, kwa sababu kaa moja huweza kuishi chini ya majivu mpaka kesho yake, na ukilimwaga kwenye ndoo ya plastiki utaamshwa na moshi. Natumia ndoo ya bati. Yakishapoa kabisa, kiasi kidogo naweka kwenye mashina ya migomba, mengine nayafukia. Kisha pipa nalifuta, nalipaka mafuta ya alizeti ndani kwa kitambaa, na linaingia chini ya paa la banda, miguu juu ya matofali. Fundi wangu alinitobolea matundu matatu chini ya tumbo alipolitia kiraka, maji yakiingia yapate pa kutokea. Kiraka kile kina mwaka wa tano sasa na hakijaota kutu ya kutisha.

Siku ya kulitoa, naanza kwa kugonga. Ushauri huu nilipewa na mjomba wangu wa Morogoro, aliyechoma nyama kwenye baa kwa miaka mingi mpaka macho yakachoka na moshi. Chukua mpini wa bisibisi, gonga tumbo la pipa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine na usikilize. Chuma kizima kinalia kama kengele ndogo. Kilichooza kinatoa sauti nzito, fupi, kama umegonga ubao uliolowa. Ukifika hapo bonyeza kwa kidole gumba. Kikibonyea, mwite fundi leo, usingoje kaa zidondoke mbele ya watoto. Kutu nyekundu ya juu, ile ya unga, haikuogopeshi. Inatoka kwa msasa na kitambaa. Ile inayobanduka magamba magamba ndiyo ya kuangalia kwa makini.

Kugonga kuna kazi nyingine pia: kuwaambia wapangaji wahame. Mpini wa kifuniko changu ni kipande cha bomba, na kila masika nyigu wanalijaza udongo. Mwaka mmoja nilikuta mjusi na mayai yake. Usiwashe moto kabla hujachungulia ndani.

Kifuniko nacho kina jambo lake. Ukitazama upande wake wa ndani utaona magamba meusi yananing'inia kama rangi inayobanduka. Si rangi. Ni moshi na mafuta yaliyokauka tabaka juu ya tabaka. Hayana haja ya sabuni wala dawa. Kipande cha bati na ufagio wa chelewa vinatosha. Lakini yatoe, maana joto likipanda yanaachia na kutua juu ya kuku.

Nikishamaliza pipa, nahamia kwenye wavu, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili.

Baada ya aibu ya tumbo kudondoka, mwaka uliofuata niliamua jiko langu liwe safi kuliko yote Kigamboni. Niliazima grenda kwa fundi, nikafunga jiwe la brashi, nikausugua wavu nondo moja moja mpaka ukameta kama kijiko kipya. Ilinichukua mchana mzima. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye jiko. Alipitisha kidole kwenye nondo, akakitazama, akakipitisha tena.

"Mjomba," akaniambia, na mimi ananiita mjomba vilevile kama ilivyo kwetu, "huku si kusafisha. Huku ni kuchuna ngozi."

Sikumwelewa mpaka nyama ilipowekwa. Ilinata. Mbavu zote za mbuzi ziliacha nusu ya nyama yake juu ya nondo, na samaki tuliyemtegemea kwa chakula cha jioni alitoka vipandevipande. Wiki moja baadaye wavu ule uliometa ulikuwa umevaa kutu ya rangi ya machungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ule weusi nilioutoa kwa grenda haukuwa uchafu wote. Juu ya wavu kuna weusi wa aina mbili, na mtu anayechoma nyama lazima ajue kuutofautisha kwa kidole. Wa kwanza ni masizi na mabaki: ukiushika unaacha alama mkononi, unanuka mafuta ya zamani, na una vifundo vya nyama iliyoungua. Huo utoke wote. Wa pili ni laini, mgumu, unang'aa kidogo, na ukiupitishia kidole mkono unabaki safi. Huo ni mafuta yaliyopashwa joto mara nyingi mpaka yakageuka na kushikamana na chuma. Maji hayauondoi kirahisi, unakinga kutu, na nyama haing'ang'anii juu yake. Ni jambo lilelile lililo kwenye chuma cha kupikia chapati cha mama yako, kile ambacho hakuna mtu anayeruhusiwa kukisugua kwa stilwaya. Nimejifunza kuuheshimu. Unajengwa kwa msimu mzima na grenda inaumaliza kwa mchana mmoja.

Basi siku hizi nausafisha wavu kwa moto. Nawasha mkaa kidogo, naweka wavu, nateremsha kifuniko, naacha nusu saa. Mabaki ya zamani yanaungua na kuwa makavu, yanavunjika kwa kuguswa. Hapo hapo, wavu ukiwa bado wa moto, nachukua kumbi la nazi lililoloweshwa maji, nalishika kwa koleo ndefu, nasugua kwa kufuata nondo. Maji yanachemka papo hapo, mvuke unanyanyua uchafu, na nyuzi za kumbi zinaingia kati ya nondo ambako kitambaa hakifiki. Mkono wangu unakaa mbali na uso wangu unakaa pembeni, kwa sababu mvuke ule unaunguza. Kumbi likichakaa nalitupia motoni, nachukua jingine. Pwani makumbi hatununui.

Kuna sababu ya kuliacha kando brashi la waya, na naiandika hapa kwa sababu wazazi wengi hawaijui. Miaka mitatu iliyopita binti yangu, akiwa na miaka sita, aliacha kutafuna ghafla na kushika shavu. Tukamwambia ateme. Katikati ya kipande cha ini palikuwa na unywele wa chuma, mwembamba kuliko pini, urefu kama wa ukucha wa kidole chake kidogo. Ulikuwa umechoma ufizi tu. Damu kidogo, machozi, na kikombe cha maji. Lakini mimi nilikaa na kile kiwaya kwenye kiganja muda mrefu usiku ule nikifikiria kama angekimeza. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri huko Marekani walichapisha makadirio yao: kati ya 2002 na 2014, watu wapatao 1,700 nchini humo walifika vyumba vya dharura kwa sababu ya nyaya za brashi za kusafishia majiko ya kuchomea nyama. Nyingi zilichoma mdomo na koo. Nyaya hizo huachia brashi likizeeka, zinanata kwenye mafuta ya wavu, na macho hayazioni. Brashi langu lilikuwa la miaka miwili, na nusu ya nyaya zake zilikuwa zimeshaondoka. Sikuwahi kujiuliza zimekwenda wapi. Kama huna kumbi, tumia kitambaa kizito cha pamba kilicholowa. Na kama lazima utumie brashi la waya, pitisha kitambaa kibichi juu ya wavu baadaye, kisha ukikague kitambaa chenyewe mahali penye mwanga.

Wavu ukishasuguliwa unapakwa mafuta ungali na joto. Ya alizeti yanafaa, na kitambaa kiwe karibu kikavu. Mafuta mengi hayashiki, yanaganda na kuwa gundi. Watu wengine hutumia nusu kitunguu kwenye uma, na kinafanya kazi. Mjomba anatumia nundu. Anakwenda buchani asubuhi, anaomba kipande cha mafuta ya nundu ya ng'ombe ukubwa wa kiberiti, anakishika kwa koleo na kukipitisha juu ya nondo taratibu kama mtu anayepiga pasi. Mafuta yanaingia, moshi unapanda, chuma kinageuka rangi mbele ya macho yako kutoka kijivu kuwa hudhurungi, kisha cheusi. Anasubiri moshi uishe, anarudia. Mara tatu, nne. Wavu wangu uliochunwa ngozi aliuponya hivyo, jioni nzima, akiwa ameketi kwenye kigoda na kikombe cha kahawa pembeni, na hakunisema tena.

Jambo jingine la wavu ni chuma chake. Ukienda kwenye maduka ya vifaa utaona nyavu nyepesi zinazong'aa rangi ya fedha, bei yake ndogo, na utashawishika kukata kipande uweke juu ya jiko. Ule mng'ao ni zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 na huanza kuchemka kwenye 907, na mkaa unaopepewa vizuri unafika huko. Mafundi wa kuchomelea wanayajua mafusho yake: akichomelea bomba la maji lenye zinki bila hewa ya kutosha, usiku anatetemeka kwa homa kama ya malaria, na wengi hukimbilia maziwa wakiamini yanaosha sumu. Maziwa hayawatibu. Chakula chenu kisipikwe juu ya kitu hicho. Nondo nyeusi za kawaida, au chuma kisichoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Waya wa banda la kuku ubaki bandani.

Jirani yangu ana jiko la gesi, na kwake kazi ni fupi zaidi. Anazibua vitundu vya moto ambamo buibui wameziba, kisha anapaka povu la sabuni ya kufulia kwenye mpira na kichwa cha mtungi, anafungua gesi kidogo bila kuwasha. Povu likitoa mapovu, pana mvujo, na hakuna kuwasha mpaka mpira ubadilishwe. Ni dakika tano. Afanye kila mwenye mtungi, hata wa jikoni ndani.

Kwa sisi wa mkaa hatari inakaa kwingine. Masika ikirefuka, nyama imeshanunuliwa na mvua haikatiki, mtu anaingiza jiko barazani, anafunga mlango upepo usipeperushe majivu. Tafadhali, usifanye. Kaa zilizoiva, zisizo na moshi wowote, zinatoa kaboni monoksidi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inaanza kama kichwa kizito na usingizi, na anayelala humo huweza asiamke. Afadhali nyama ichemshwe.

Na kuwasha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa za maji bado zipo kila kona na bado naona watu wanaziyeyushia juu ya mkaa ili ushike haraka. Baada ya kazi yote ile ya kung'oa uchafu, unaurudisha mbaya zaidi kwa dakika moja. Mafuta ya taa nayo sina hamu nayo; harufu yake inakaa kwenye mkaa hata baada ya moto kutulia. Mimi natumia vifuu vya nazi vilivyokauka, vitano au sita, nimevipanga kama kibanda na makumbi katikati. Vinashika upesi kwa sababu vina mafuta yake, na vikiiva vyenyewe ni makaa mazuri. Mkaa unamwagwa juu yake, kipepeo kinafanya kazi dakika chache, kisha unauacha. Unasubiri uvae ngozi nyeupe ya jivu. Watu wanakosa subira hapa na kuweka nyama kwenye mwali, nje inaungua, ndani mbichi.

Makaa nayasukuma yote upande mmoja wa pipa. Upande wa moto ni wa kukaanga ngozi, upande mtupu ni wa kuivisha polepole kifuniko kikiwa chini, na mafuta yakidondoka hayaangukii moto na kurudisha moshi mchungu kwenye nyama. Siku ya kwanza ya msimu siweki nyama. Naweka mahindi mabichi, yamejaa sokoni wakati huo, na muhogo. Wavu ukiwa na tatizo utaliona kwa hindi la bei ndogo kabla hujaliona kwa kilo mbili za mbuzi.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Binti yangu sasa ana miaka tisa na kazi ya kupima moto ni yake, nami nimesimama ubavuni kwake. Ananyoosha kiganja juu ya wavu, kwa juu kiasi cha shubiri moja, anahesabu polepole mpaka joto limlazimishe kuuondoa mkono. Tatu au nne, moto uko tayari kwa mishkaki. Mara hii alihesabu hadi sita, akanitazama.

"Bado, Baba. Ongeza mkaa."